Jinsi sonona na wasiwasi vinavyozidisha makali ya maumivu

KISWAHILI kina neno moja, uchungu, ambalo hutumiwa kwa mama anayejifungua, kwa mfiwa anayetoka makaburini na kwa mtu aliyedhulumiwa haki yake. Wenye lugha hawakuona haja ya kutenga kidonda cha mwili na jeraha la moyo. Hata aliyevunjika moyo husemwa kwamba amekatwa maini. Utabibu wa kisasa, kwa upande wake, ulichukua takriban karne tatu kukubali kwamba mambo hayo mawili hukutana katika ubongo na neva zilezile.

Suala hilo si la mjadala wa wasomi pekee. Katika vyumba vya kungojea daktari kote nchini huketi wagonjwa wa saratani, yabisi baridi, selimundu, kisukari na virusi vya Ukimwi ambao maumivu yao hayalingani na picha ya eksirei wala majibu ya maabara. Wengine huambiwa vipimo viko sawa, warudi nyumbani. Wengine huongezewa vidonge vya kutuliza maumivu kila mwezi bila nafuu, na wengine huishia kuonwa na jamaa zao kuwa wanadeka. Wengi wao hawajaulizwa hata mara moja kama wanapata usingizi, au kama bado kuna jambo lolote linalowafurahisha.

Sonona ni ugonjwa, wala si huzuni ya kawaida ya matanga. Mtu hukosa raha au hulemewa na majonzi karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Usingizi huvurugika, hamu ya chakula hubadilika, nguvu humwisha, na mara nyingi hujiona hana thamani au mzigo kwa wenzake. Nchini Kenya wengi huiita msongo wa mawazo, jina ambalo hutatiza kidogo kwa sababu msongo ni kitu ambacho karo ya shule na kodi ya nyumba zinaweza kumletea mtu yeyote. Wasiwasi unaozungumziwa hapa nao, ambao wengine huuita wahaka, ni hofu isiyotulia ambayo humfanya mtu angojee balaa saa zote, moyo ukienda mbio na misuli ikikaza.

Mnamo mwaka 1979 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilitoa fasili ambayo ilirekebishwa mwaka 2020. Kwa mujibu wa fasili hiyo, maumivu ni hali ya kukera inayohusisha fahamu za mwili na hisia za moyo kwa pamoja, na inayotokana na kuumia kwa tishu za mwili au kufanana na ile inayotokana na kuumia huko. Maelezo yaliyoongezwa mwaka 2020 yanasisitiza kwamba kauli ya mtu kuwa anaumwa inafaa kuheshimiwa. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoweza kumthibitishia mgonjwa kwamba haumwi.

Kamba na kengele

Katika kitabu kilichochapishwa kwa Kifaransa mwaka 1664, miaka 14 baada ya kifo chake, mwanafalsafa René Descartes alieleza maumivu kwa mfano wa kamba na kengele. Moto ukigusa mguu, uzi ulio ndani ya neva huvutwa na kengele hulia kichwani. Mfano huo ulitawala fikra za madaktari kwa muda mrefu na, kusema kweli, bado unatawala fikra za wengi. Mgonjwa akilalamika sana, watu hutafuta jeraha kubwa. Wasipoliona, humshuku mgonjwa.

Aliyeutikisa mfano huo hadharani alikuwa daktari wa Marekani, Henry Beecher, aliyewahudumia wanajeshi waliojeruhiwa nchini Italia wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1946 alieleza kwamba takriban robo tatu ya wanajeshi wenye majeraha mabaya, wakiwemo waliopasuka tumbo na waliovunjika mifupa, hawakuwa na maumivu ya kuwafanya waombe dawa. Baadaye aliwalinganisha na raia waliofanyiwa upasuaji hospitalini, ambao majeraha yao yalikuwa madogo zaidi, na akapata kwamba zaidi ya asilimia 80 ya raia hao walitaka mofini. Maelezo yake yalikuwa kwamba kwa mwanajeshi jeraha lilimaanisha kuondolewa vitani akiwa hai, ilhali kwa raia upasuaji ulikuwa mwanzo wa mashaka.

Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda Italia ili aelewe jambo hilo. Kijana wa Kibukusu anayepakwa matope mtoni alfajiri ya Agosti ya mwaka wa tohara, kisha akasimama wima mbele ya umati bila kupepesa jicho, ana neva kama za mtu mwingine yeyote, na kisu ni kilekile. Lakini anajua kwa nini anakatwa, anajua kwamba shughuli ina mwisho, na anajua kwamba heshima ya utu uzima inamngoja. Jeraha la kiasi hicho likimpata mtu peke yake barabarani usiku, asijue kama atafika hospitali, huwa jambo jingine kabisa.

Mwaka 1965 Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Kanada, na Patrick Wall, mtaalamu wa neva kutoka Uingereza, walichapisha katika jarida la Science nadharia ya lango. Walieleza kwamba habari za maumivu zinapofika kwenye uti wa mgongo hazipiti moja kwa moja. Hukuta kitu mfano wa lango, ambalo hufunguliwa au kufungwa na ishara nyingine za neva, zikiwemo zile zinazoteremka kutoka ubongoni. Mtu aliyejigonga kiwiko hukisugua bila kufikiri, na kusugua huko humpa nafuu kwa sababu mguso hushindana na maumivu langoni. Baadhi ya vipengele vya nadharia hiyo vimerekebishwa tangu wakati huo, lakini kiini chake kimesimama: ubongo haupokei tu habari za maumivu, bali pia hutuma amri za kuzipunguza au kuziongeza.

Amri hizo hupitia kwenye shina la ubongo, ambalo hupata maelekezo kutoka sehemu zinazohusika na hofu, kumbukumbu na matarajio. Hutumia kemikali kama serotonini na noradrenalini, pamoja na nyingine zinazofanana na afyuni ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Hapo ndipo sonona na wasiwasi hupata mwanya. Hali ya moyo ikivurugika kwa muda mrefu, mfumo unaopaswa kulifunga lango hudhoofika, na kishindo ambacho kingefika kama mnong'ono hufika kama ukelele.

Ifahamike kwamba maelezo ya zamani kuwa sonona ni upungufu wa serotonini tu yamepoteza nguvu miongoni mwa wataalamu. Ugonjwa huo una vyanzo vingi, na kemikali hiyo ni sehemu moja ya hadithi ndefu. Lakini kwamba huzuni hugeuza maumivu, jambo hilo limeonekana maabarani. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa matokeo ya jaribio ambapo watu wachache wenye afya njema walitiwa huzuni kwa muda mfupi, kwa kusoma maneno ya kukatisha tamaa huku wakisikiliza muziki wa majonzi, kisha wakaguswa na joto la kuumiza. Joto lilikuwa lilelile la awali, lakini walilieleza kuwa baya zaidi, na picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu za hisia zilishughulika kupita kiasi. Ikiwa huzuni ya dakika chache kwa mtu mzima wa afya hufanya hivyo, haishangazi kwamba majonzi ya miezi kadhaa humtesa zaidi aliye na uvimbe kwenye mfupa.

Hofu inavyoiba nguvu ya dawa

Wasiwasi una njia zake. Kwanza huelekeza macho yote ya akili kwenye mwili. Mtu mwenye hofu hujipeleleza: huhesabu mapigo ya moyo, hubonyeza mahali panapouma, husikiliza kila mchomo na kuuliza kama ndio ule ugonjwa uliomuua jirani. Kisha misuli ya shingo, mgongo na taya hukaza kwa saa nyingi, na misuli iliyokazwa nayo huuma. Pumzi hubana. Usingizi huruka, na imethibitishwa mara nyingi kwamba mtu asiyelala huwa mwepesi wa kuumia siku inayofuata.

Juu ya hayo kuna tabia ambayo wataalamu wa saikolojia wameitafiti sana, ya kulikuza balaa akilini. Mgonjwa hujiambia kwamba maumivu haya hayataisha, kwamba hawezi kuyastahimili, na kwamba ni dalili ya jambo baya kuliko aliloambiwa. Si kosa la kimaadili, wala si udhaifu wa imani kama baadhi ya watu wanavyodai. Ni mkondo wa fikra ambao huongeza maumivu kwa njia inayoweza kupimwa, na ambao mtu anaweza kufundishwa kuukatiza.

Hata dawa yenyewe hutegemea kwa kiasi fulani kile ambacho mgonjwa anatarajia. Katika jaribio jingine la Oxford lililochapishwa mwaka 2011, watu 22 walitiwa dawa kali ya jamii ya afyuni kupitia mshipa huku wakichomwa kwa joto. Walipoambiwa kwamba dawa imeanza kuingia, nafuu iliongezeka takriban maradufu ikilinganishwa na walipokuwa wanaipata bila kujua. Walipoambiwa kwamba dawa imesimamishwa na huenda maumivu yakazidi, nafuu ilitoweka, ingawa dawa ilikuwa bado ikiingia kwa kipimo kilekile. Kila muuguzi aliyewahi kumchoma mgonjwa sindano bila kusema neno anafaa kuyatafakari matokeo hayo.

Mzunguko

Swali linaloulizwa sana ni lipi hutangulia: je, maumivu huleta sonona, au sonona huleta maumivu? Watafiti wa Indianapolis, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 500 wa kliniki za kawaida kwa miezi 12, na katika ripoti yao ya mwaka 2011 walieleza kwamba uhusiano huo huenda pande zote mbili kwa nguvu inayokaribiana. Maumivu yakizidi, sonona huzidi baadaye. Sonona ikipungua, maumivu nayo hupungua baadaye.

Mzunguko huo huonekana waziwazi katika maisha ya kila siku. Mgonjwa wa yabisi baridi huacha kwenda shambani kwa sababu magoti yanauma. Akiketi nyumbani, misuli hudhoofika na viungo hukauka. Mapato hupungua, aibu huingia, marafiki wa chama huacha kupita. Huzuni humkosesha usingizi, na asubuhi magoti huuma kuliko jana. Baada ya mwaka mmoja si rahisi kusema ni kiasi gani cha mateso yake kiko kwenye gegedu na kiasi gani kiko kwingineko.

Ugonjwa wa selimundu, ambao huwapata watu wengi katika maeneo ya ziwa Viktoria, magharibi ya Kenya na Pwani, hutoa mfano mzuri zaidi kwa sababu chanzo cha maumivu yake hakina ubishi: chembechembe nyekundu za damu hujikunja, huziba mishipa midogo, na mifupa hukosa hewa. Hakuna awezaye kusema maumivu hayo ni ya kubuni. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika jimbo la Virginia, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2008, ambapo watu wazima 232 waliweka kumbukumbu za kila siku kwa hadi miezi sita, uligundua kwamba wagonjwa waliokuwa na sonona walikuwa na maumivu katika asilimia 71 ya siku zao, ilhali wasiokuwa nayo walikuwa nayo katika asilimia 50 hivi. Zaidi ya robo ya wagonjwa hao walikuwa na sonona. Ugonjwa ni mmoja, damu ni ileile, lakini siku za mateso zilitofautiana kiasi hicho.

Pia si kila sonona ya mgonjwa huletwa na mawazo ya ugonjwa. Mwili unaopambana na maradhi hutoa kemikali za uvimbe ambazo hufika ubongoni na kuleta uchovu, kukosa hamu na unyong'onyevu. Madaktari walijifunza hilo kwa njia ngumu walipotumia interferoni kutibu homa ya ini aina ya C. Baadhi ya wagonjwa waliingia katika sonona nzito kutokana na dawa yenyewe.

Mwili unaposema badala ya moyo

Huku kwetu tatizo hili lina sura nyingine. Mtu mwenye sonona mara nyingi haendi hospitali kulalamikia huzuni. Huenda kulalamikia kichwa, mgongo, kifua kinachowaka, tumbo lisilotulia, au mwili wote kuuma. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1999, uliohusisha kliniki katika nchi 14, ulipata wagonjwa 1,146 wenye sonona, na asilimia 69 kati yao walikuwa wamemwendea daktari kwa dalili za mwili pekee. Data hizo zilitokana na mradi wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ambao pia ulimwezesha Profesa Oye Gureje wa Ibadan, Nigeria, na wenzake kuonyesha mwaka 1998 kwamba takriban asilimia 22 ya wagonjwa wa kliniki za kawaida walikuwa na maumivu ya kudumu, na kwamba uwezekano wa watu hao kuwa na sonona au wasiwasi ulikuwa mara nne zaidi ya wenzao.

Nchini Kenya, Profesa David Ndetei na wenzake waliwachunguza wagonjwa 2,770 katika vituo 10 vya afya vya ngazi mbalimbali, na mwaka 2009 wakaripoti kwamba asilimia 42 walikuwa na dalili za sonona, nyepesi au kali. Waliokuwa wameandikiwa kwenye faili zao ugonjwa wowote wa akili walikuwa asilimia 4.1. Pengo lililo kati ya tarakimu hizo mbili ndilo linalowafanya wagonjwa wazunguke kutoka kliniki moja hadi nyingine na mfuko wa karatasi wa vidonge.

Malezi nayo yana mchango. Mwanamume aliyesifiwa kwa kutotikisika mbele ya kisu hafunzwi baadaye namna ya kusema kwamba analia usiku. Mgongo unaouma unaweza kutajwa mbele ya wazee. Moyo unaouma hautajwi. Kwa hiyo mgongo hubeba mizigo yote miwili.

Hapa ndipo makosa mawili hutokea, na yote mawili yanaumiza. La kwanza ni la mhudumu wa afya anayesikia habari za huzuni na kukata kauli kwamba ni mawazo tu. Mgonjwa aliyewahi kutibiwa sonona huweza kwenda na maumivu ya tumbo miezi mingi kabla ya mtu kufikiria kumpima saratani au ugonjwa wa kizazi. Sonona haimkingi mtu dhidi ya maradhi mengine. Kinyume chake, mara nyingi huandamana nayo. Maumivu ya kifua, hata kwa mtu anayejulikana kwa wasiwasi, ni sharti yachunguzwe kwanza kama ya moyo. Kupungua uzani bila sababu, homa isiyokwisha, damu kwenye choo, kufa ganzi miguu au kushindwa kuzuia haja si mambo ya kumaliziwa kwa ushauri nasaha.

Kosa la pili ni la mgonjwa na jamaa zake. Amitriptylini, dawa iliyoanza kutumiwa kwa sonona, hutolewa siku hizi kwa kipimo kidogo kutuliza maumivu ya neva, kama yale ya miguu ya mgonjwa wa kisukari au yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Mgonjwa hufika nyumbani, mwanawe husoma karatasi iliyo ndani ya pakiti, na jioni hiyo nyumba nzima huamini kwamba daktari amemwita mzee mwendawazimu. Dawa hutupwa. Maelezo ya dakika tatu pale dirishani pa duka la dawa yangezuia hasara hiyo, lakini dakika tatu ni nyingi katika foleni ya watu mia.

Tangu Januari 2022, orodha ya kimataifa ya magonjwa ya WHO imeyatambua maumivu sugu, yaani yanayodumu zaidi ya miezi mitatu, kuwa yanaweza kuwa ugonjwa kamili hata pasipo jeraha linaloonekana. Hatua hiyo imewapunguzia baadhi ya wagonjwa aibu ya kuitwa waongo.

Mafunzo ya hospisi

Waliotangulia kuyaelewa mambo haya kando ya kitanda hawakuwa wanasayansi wa ubongo. Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii na hatimaye daktari, alifanya kazi katika hospisi ya St Joseph's mjini London. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alimwomba mgonjwa mmoja amweleze maumivu yake. Mwanamke huyo alianza na mgongo, kisha akataja dawa, mumewe na mwanawe, pesa, na hisia kwamba hakuna aliyemwelewa. Kutokana na masimulizi ya namna hiyo Saunders aliunda dhana ya maumivu kamili, yenye pande nne: ya mwili, ya akili, ya jamii na ya roho. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's, ambayo ilikuwa mfano kwa nchi nyingi.

Mafundisho hayo yalifika Afrika Mashariki. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990 katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Kenyatta, na mkurugenzi wake wa kwanza wa matibabu, Dkt Anne Merriman, alihamia Kampala mwaka 1993 kuanzisha Hospice Africa Uganda, iliyosifika kwa kuwapa wagonjwa mofini ya maji wanywe nyumbani. Wahudumu wa huduma shufaa hufunzwa kuuliza habari za watoto, deni na Mungu katika mazungumzo yaleyale wanayoulizia kidonda. Si kwa sababu mazungumzo huchukua nafasi ya mofini. Saunders mwenyewe alisisitiza dawa itolewe kwa saa zake bila kungoja mgonjwa alie, kwa kuwa anayengoja maumivu yarudi huishi katika hofu, na hofu huyaita maumivu mapema. Saratani ya mfupa hainyamazishwi kwa maneno matamu, na yeyote anayemnyima mgonjwa wa namna hiyo dawa kwa kisingizio kwamba ana wasiwasi tu anamdhulumu.

Tiba

Habari njema ni kwamba mzunguko unaokwenda pande mbili unaweza kukatizwa upande wowote. Katika utafiti mwingine wa Indianapolis, uliochapishwa mwaka 2009, wagonjwa 250 wenye sonona pamoja na maumivu ya kiuno, nyonga au goti waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilipewa dawa za sonona zilizofuatiliwa kwa makini, kisha mafunzo ya kujisimamia maumivu. La pili liliendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa 51 kati ya 123 wa kundi la kwanza walikuwa wamepunguza maumivu kwa asilimia 30 au zaidi, ikilinganishwa na 22 kati ya 127 wa kundi la pili. Idadi hiyo si ya kila mtu, na ni vyema wagonjwa wasiahidiwe miujiza. Lakini ni zaidi ya maradufu.

Dawa kama amitriptylini na duloksetini hufanya kazi kwa kuongeza serotonini na noradrenalini katika njia zinazoteremka kulifunga lango. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu zake juu ya sonona, na wengi huziacha kabla ya hapo. Amitriptylini huleta usingizi na kukausha kinywa, na haiwafai baadhi ya wagonjwa wa moyo. Dawa za kutuliza hofu kwa haraka kama diazepamu zina mtego wake: mwili huzizoea, na zikichanganywa na mofini au pombe zinaweza kuizima pumzi.

Tiba ya mazungumzo, hasa ile ya kubadilisha fikra na mienendo, humfunza mtu kulitambua balaa analolikuza na kurudia shughuli zake hatua kwa hatua. Mazoezi mepesi, kama kutembea kila siku kwa umbali unaoongezwa kidogo kidogo, husaidia maumivu na moyo kwa wakati mmoja. Kupumua taratibu kabla ya kufungwa kidonda hakugharimu kitu.

Kizingiti ni wahudumu. Madaktari wa akili nchini ni wachache na wengi wako Nairobi. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali ya afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Lakini uzoefu wa jirani waonyesha kwamba si kila kazi huhitaji daktari bingwa. Katika vijiji 30 vya kusini magharibi ya Uganda, wenyeji wasio na taaluma hiyo walifunzwa kwa wiki mbili kuongoza vikundi vya mazungumzo, vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16. Kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2003, waliobaki na sonona vikundini walikuwa asilimia 6.5, ilhali katika vijiji visivyopata huduma hiyo walikuwa asilimia 54.7.

Hata kutambua tatizo si kazi ngumu. Kuna maswali mawili ambayo yamejaribiwa magharibi ya Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo, na ni mara ngapi umejihisi mnyonge au kukata tamaa? Mhudumu anayeuliza maumivu ni kiasi gani kati ya sifuri na kumi anaweza kuyaongeza hayo bila kuchelewesha foleni. Mgonjwa naye anaweza kujieleza bila kuulizwa: aseme panapouma, tangu lini, na katika pumzi hiyohiyo aseme halali, au anaogopa, au hali kwa hamu.

Lipo swali la tatu ambalo wengi huliogopa. Watu wenye maumivu sugu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kujiua, hasa wakiwa pia na sonona. Kuuliza kama mgonjwa amewahi kufikiria kujitoa uhai hakumpandikizi wazo hilo. Mara nyingi humtua mzigo. Kwa miaka mingi Wakenya walikuwa na sababu ya kulikwepa, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mgonjwa akikubali kwamba mawazo hayo yapo, asiachwe peke yake, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na vidonge vyake, hasa amitriptylini ambayo ni hatari kwa wingi, vishikwe na jamaa anayeaminika na kutolewa kwa kipimo cha siku moja moja.